Mchoro wa Matabaka Unapogoma: Dalili, Chanzo na Namna ya Kuuokoa

Kibanzi cha rangi kikidondoka kwenye mchoro wako, usikitupe. Kiokote kwa ncha ya kisu, kigeuze, ukitazame mgongo. Kikiwa kimebeba jesso, yaani koti jeupe la msingi linalopakwa kabla ya rangi, na nyuzi za turubai zimebaki uchi, jesso ndiyo iliyoachia. Mgongo ukiwa na buluu ya tabaka la pili, ujue buluu hiyo imeachana na kilichokuwa chini yake. Na ukiona mgongo unateleza na kung'aa kama kioo, bila chembe ya tabaka la chini, rangi hiyo haikushika tangu siku ya kwanza, ilikuwa imelala tu.

Naanza na kibanzi kwa sababu mchoro dhahania wa vifaa mchanganyiko, yaani usioiga sura ya kitu na uliojengwa kwa rangi, karatasi, mchanga na vinginevyo, huonyesha ugonjwa juu, ilhali kosa mara nyingi limezaliwa matabaka mawili au matatu chini. Mtu huona ufa akapaka rangi juu ya ufa, na baada ya mwezi ufa umerudi. Kwa hiyo katika kila dalili hapa chini, swali la kwanza ni lilelile: tabaka gani limekosea, na limetengenezwa kwa maji, mafuta au nta?

Rangi zimegeuka tope

Hili ndilo lalamiko ninalolisikia kuliko yote. Umeanza na chungwa kali na buluu nzito, na baada ya saa mbili turubai zima lina rangi ya maji ya kuoshea brashi. Chanzo kinaweza kuwa kimoja kati ya vitatu, na dawa ya kimoja haitibu kingine.

Cha kwanza ni haraka. Akriliki, yaani rangi ya plastiki inayozimuliwa kwa maji, hukauka kwa maji kutoka. Juu panaweza kuwa pakavu ndani ya nusu saa huku chini bado kuna unyevu, na brashi ikipita inaichokonoa rangi ya chini na kuichanganya na ya juu. Weka mgongo wa mkono juu ya sehemu nene, kisha juu ya sehemu unayojua imekauka. Ile nene ikiwa baridi zaidi, maji bado yanatoka. Subiri. Mkono hukosea mara chache kuliko saa.

Cha pili ni wingi wa pigmenti, yaani unga unaoipa rangi rangi yake. Geuza tyubu usome herufi na namba ndogo za nyuma: PB29 ni buluu ya ultramarini, PB15 ni buluu ya phthalo, PW6 ni nyeupe ya titani. Tyubu yenye namba moja ina pigmenti moja. Ukichukua kijani chenye pigmenti tatu ukakichanganya na zambarau yenye mbili, umeweka tano kwenye sahani, na kila moja inameza sehemu yake ya mwanga hadi kinachobaki ni kahawia iliyochoka. Rangi zinazopingana, yaani nyekundu na kijani, buluu na chungwa, njano na zambarau, hufanya hivyo haraka zaidi. Si kwamba zisikutane. Zikutane moja ikiwa imekauka kabisa na nyingine ikipita juu yake nyembamba, ili jicho ndilo lichanganye.

Cha tatu hakihusu rangi kabisa, kinahusu giza na mwanga. Piga picha ya mchoro kwa simu, kisha iondoe rangi ibaki nyeusi na nyeupe. Picha ikiwa kijivu kimoja kutoka pembe hadi pembe, rangi zako ni safi ila zote zina uzito uleule wa giza, na jicho likikosa pa kushika huita hali hiyo tope. Hapo unahitaji sehemu moja iwe nyeusi kwelikweli na nyingine iachiwe mwanga. Tyubu mpya haitasaidia.

Tope likishatokea, acha kusugua. Liache likauke hadi kesho. Kisha paka koti moja la midiamu ya akriliki inayong'aa, yaani ile gundi ya akriliki bila pigmenti, nalo likauke. Koti hilo linakuwa ngao: chochote utakachopaka juu yake kikikukera, unakifuta kwa kitambaa chenye maji kabla hakijashika, na kilicho chini kinabaki salama. Wachoraji wengi hawalijui jambo hili dogo, na ndilo linalompa mtu ujasiri wa kujaribu.

Juu ya ngao hiyo ndipo rangi inaporudishiwa uhai. Chukua buluu ya phthalo kidogo sana, tone lisilozidi kichwa cha kiberiti, kwa sababu pigmenti hiyo ina nguvu ya kutisha, uichanganye na kijiko kizima cha midiamu. Ipake juu ya sehemu yenye mikwaruzo na matuta, kisha papo hapo pitisha kitambaa laini kilichokunjwa bapa, bila kukandamiza. Buluu inaondoka kwenye migongo ya matuta na kubaki kwenye mabonde. Kila mkwaruzo uliokuwa umepotea unasimama tena kama mishipa ya jani. Rudia kwa rangi nyingine baada ya hii kukauka, na tope lile linageuka kuwa udongo wenye kina.

Na si kila kijivu ni tope. Kijivu kilichokaa kando ya njano safi huifanya njano hiyo iimbe. Kabla ya kukifunika, weka kipande cha karatasi ya rangi kali pembeni yake utazame.

Jambo moja zaidi linalowatatiza wanaoanza: akriliki ikikauka huwa na giza kidogo kuliko ilivyokuwa mbichi, kwa sababu gundi iliyomo ni nyeupe kama maziwa ikiwa na maji na huwa angavu ikikauka. Changanya rangi yako ikiwa na mwanga kidogo kuliko unavyotaka.

Nyufa

Tazama ufa umezaliwa lini. Umri wake unasema mengi kuliko sura yake.

Ufa uliotokea siku ileile au ya pili, hasa kwenye pasta ya kujengea (akriliki nzito ya kuinua uso) au jesso iliyolundikwa, ni wa kukausha kwa pupa. Ngozi ya juu imekauka na kukaza, ndani bado kuna maji. Ndani panapokauka panasinyaa, na ngozi iliyokwisha kukaza inachanika. Feni, jua na mashine ya kukaushia nywele ndivyo vinavyoleta hali hii. Jenga unene kidogo kidogo, milimita mbili au tatu kwa mara moja, ufunike kwa plastiki iliyoachwa wazi pembeni ili maji yatoke taratibu. Nyufa zilizokwisha tokea jaza kwa pasta ileile, ukiisukumiza ndani kwa kisu, ikauke, upige msasa.

Baridi nayo huleta nyufa. Chembe za akriliki haziungani vizuri chumba kikiwa chini ya nyuzi 10 za Selsiasi. Utapata uso unaotoa unga au wenye mipasuko midogo, hata kama rangi ni bora.

Ufa uliokuja wiki kadhaa baadaye, ukakatiza mchoro mzima kwa mstari mrefu, chunguza kama ulitumia plasta ya jasi au fila ya ukutani. Vitu hivyo vikikauka ni vigumu kama kigae, na turubai ni kitambaa kinachotikisika kila linapoguswa. Kigumu juu ya kinachopinda lazima kivunjike. Ukitaka plasta, fanyia kazi juu ya ubao. Turubai lililokwisha pasuka hivyo linaweza kuokolewa kwa kubandikwa zima zima juu ya plaiwudi, lakini linalodondosha vipande ni bora livuliwe.

Katika rangi ya mafuta, ufa huja baada ya miezi au miaka, na kanuni yake ni ya zamani: tabaka la juu liwe na mafuta mengi kuliko la chini. Mafuta ya kitani hayakauki kwa maji kutoka, hukauka kwa kuvuta oksijeni, na hilo ni jambo la polepole. Tabaka la juu likiwa na mafuta machache hukauka mapema. La chini linaendelea kusogea na la juu linapasuliwa. Angalia pia kama nyeupe yako ina PW4, yaani zinki. Kwenye mafuta, zinki huwa kavu na dhaifu kadiri miaka inavyopita, na matabaka huachana nayo. Kwa matabaka ya chini ya mafuta mimi hutumia PW6 peke yake.

Wapo wanaotaka ufa. Miaka ya 1970 Alberto Burri wa Italia alifanya mfululizo aliouita Cretti, ambamo uso mnene uliopasuka ndio kazi yenyewe. Alifanyia juu ya ubao na kushikilia vipande kwa gundi ya vinili. Ukipenda njia hiyo, fuata mambo yote mawili: ubao mgumu chini, na koti la gundi nyepesi linaloingia ndani ya nyufa baada ya kukauka.

Tabaka linabanduka

Niliwahi kupoteza kazi ya miezi miwili kwa kosa hili. Nilichora mistari ya pasteli za mafuta, mizuri, minene, kisha nikataka kuipunguza makali kwa akriliki nyeupe. Nyeupe ilikaa vizuri siku ile. Wiki tatu baadaye nilipitisha kidole gumba juu yake na ngozi nzima ikajiviringisha kama utando wa maziwa yaliyopoa. Pasteli za mafuta hazikauki kamwe. Zina nta na mafuta yasiyokauka, na kitu chenye maji hakiwezi kushika hapo. Siku hizi pasteli ni tabaka la mwisho kabisa, na mchoro huo unawekwa nyuma ya kioo.

Utaratibu wa kushikamana ni mfupi. Mafuta yanaweza kupakwa juu ya akriliki iliyokauka. Akriliki isipakwe juu ya mafuta. Chochote kisipakwe juu ya nta au pasteli ya mafuta kwa kutegemea kitadumu. Mkaa na pasteli kavu vipulizie dawa ya kushikiza kwanza, la sivyo unapaka rangi juu ya vumbi.

Kama vifaa vyote ni vya akriliki na bado vinabanduka, tafuta mojawapo ya haya. Huenda tabaka la chini lilikuwa linang'aa mno. Lipige msasa mwepesi ulilowa maji hadi mng'ao ufe. Huenda kulikuwa na mafuta ya vidole au vumbi. Au rangi ilizimuliwa kwa maji kupita kiasi hadi gundi ikawa haba. Juu ya karatasi au jesso inayonyonya haidhuru sana, lakini juu ya uso laini inafutika kwa kitambaa. Unapotaka wepesi, zimua kwa midiamu.

Kupima ni rahisi. Chagua pembe isiyoonekana, kata mistari midogo ya kukatizana kwa wembe, bandika tepu, ikandamize vizuri, kisha ing'oe kwa mkupuo mmoja. Tepu ikitoka na miraba ya rangi, usiongeze tabaka hata moja. Kwangua hadi ufike panaposhika.

Karatasi imevimba au imejikunja

Karatasi ikilowa hupanuka, ikikauka husinyaa. Ukiibandika ikiwa kavu juu ya gundi mbichi, inapanukia hapohapo kwenye turubai na kutengeneza mapovu. Ilowanishe kwanza, hasa ikiwa nene, subiri ilegee, ikaushe maji ya juu kwa kitambaa, ndipo uibandike. Midiamu ipakwe chini na juu, kisha hewa isukumwe kutoka katikati kuelekea pembeni kwa kadi ngumu au roli. Povu lililokwisha kauka chanja kwa wembe, ingiza midiamu kwa brashi nyembamba, weka karatasi isiyonata juu yake na kitabu kizito hadi kesho.

Doa linachomoza kutoka chini

Unapaka nyeupe, waridi linatokea. Unapaka tena, linatokea tena. Kilichopo chini ni wino unaoyeyuka kwa maji: makapeni, wino wa printa ya kawaida, rangi ya karatasi laini za kufungia zawadi. Kila koti lenye maji unaloongeza ndilo linaloubeba juu. Nyeupe zaidi haitaponya. Funga eneo hilo kwa vanishi ya kupuliza isiyo ya maji, makoti mawili mepesi, ndipo uendelee. Nakala ya mashine ya leza haina shida hii, kwa kuwa wino wake ni unga wa plastiki uliochomwa kwa joto.

Doa la njano-kahawia linaloenea taratibu kwenye tabaka angavu hutoka kwenye ubao au turubai lenyewe: maji ya akriliki hunyonya uchafu wa mbao na kuupandisha. Paka makoti mawili ya midiamu inayong'aa juu ya ubao kabla ya jesso. Doa la chungwa lenye kingo kali ni kutu ya msumari, waya au kipande cha bati ulichobandika. Chuma kipakwe vanishi pande zote kabla hakijaguswa na kitu chenye maji.

Gazeti ni kesi ya peke yake. Lina asidi na lignini, kile kitu cha mbao kinachogeuka njano, na litageuka njano hata ukilifunika kwa midiamu pande zote mbili. Kama maandishi yake ni muhimu kwako, yatoe nakala ya leza kwenye karatasi isiyo na asidi ubandike nakala hiyo. Kama unapenda njano ile, basi panga rangi za jirani ukijua itakuja.

Tabaka angavu limebaki na ukungu mweupe

Midiamu huwa kama maziwa ikiwa mbichi, na ikiwa nene hukaa hivyo siku kadhaa. Usiiguse. Ikiwa wiki mbili zimepita na ukungu upo, jiulize kama uliweka koti juu ya koti kabla la chini halijatoa maji, au kama ulijenga matabaka mengi kwa midiamu isiyong'aa. Hiyo ya pili ina unga wa kupunguza mng'ao, na unga huo ukirundikana unakuwa pazia. Jenga kina kwa midiamu inayong'aa peke yake. Ukitaka uso usiong'ae, uamue kwenye vanishi ya mwisho.

Uso unanata

Akriliki ni plastiki inayolainika kwa joto, na ukiegemeza michoro miwili uso kwa uso itashikana hata kama imekauka miezi. Weka karatasi ya silikoni katikati, kamwe si plastiki ya mapovu: alama za mapovu hazitoki. Kunata kusikoisha hata kwenye ubaridi ni dalili ya dawa ya kuchelewesha kukauka iliyozidi kipimo cha mtengenezaji. Iache chumba chenye hewa kwa wiki kadhaa. Isipopona, kwangua.

Mchanga, majani na vitu vya asili

Georges Braque alikuwa akichanganya mchanga na rangi tangu 1912, kwa hiyo mchanga si kosa. Kosa ni chumvi. Mchanga wa baharini usiooshwa huvuta unyevu na kutoa unga mweupe juu ya rangi. Uoshe mara kadhaa kwa maji yasiyo na chumvi, ukauke kabisa, kisha uchanganye na jeli, yaani midiamu nzito, ndani ya kikombe; ukimwagia juu ya gundi, nusu itadondoka. Majani, mbegu na maganda yakaushwe hadi yavunjike mkononi na kuzungukwa na midiamu kila upande, la sivyo kuvu watayala.

Turubai likilegea kwa uzito wa vitu hivi, gonga kabari za fremu kwa nyuma kidogo kidogo, ukipita pembe zote nne. Likilegea tena, uzito huo ni wa ubao.

Rangi imefifia

Hapa hakuna tiba, kuna tahadhari tu, na mfano wake mkubwa unauma. Mark Rothko alichora michoro mikubwa ya ukutani kwa ajili ya chumba cha kulia cha Chuo Kikuu cha Harvard mapema miaka ya 1960. Nyekundu yake ilikuwa na pigmenti iitwayo Lithol Red, na madirisha makubwa yaliingiza jua mchana kutwa. Kufikia 1979 michoro ilikuwa imeondolewa. Damu ya mzee ilikuwa imegeuka buluu iliyopauka. Mwaka 2014 jumba la sanaa la Harvard liliionyesha tena kwa kuirudishia rangi kwa mwanga wa projekta, kwa sababu brashi isingeweza kufanya hivyo bila kuiharibu.

Tafuta kwenye tyubu daraja la uimara kwenye mwanga: I na II kwa kipimo cha ASTM, shirika la viwango la Marekani, ndizo za kutegemea. Rangi za mwanga mkali zile zinazowaka machoni hazimo. Kwa wino na karatasi ya rangi usiyoijua, kata kipande, funika nusu kwa kadi nyeusi, kibandike dirishani miezi mitatu, kisha uondoe kadi.

Mchoro mzima uko salama lakini hausemi kitu

Hakuna ufa, hakuna doa, kila kitu kimeshika, na bado unaupita bila kusimama. Kwangu huu ndio ugonjwa mzito zaidi, kwa kuwa hauna kibanzi cha kugeuza.

Mara nyingi chanzo ni kwamba kila sentimita imefanyiwa kazi. Mikwaruzo hapa, karatasi pale, mchanga kule, michirizi juu ya vyote. Umbile la uso huonekana kwa sababu ya uso laini ulio kando yake. Ukinyima mchoro sehemu tulivu, unanyima mikwaruzo yako jirani wa kuitofautisha. Washa taa moja ubavuni mwa mchoro, karibu na ukuta, uzime nyingine zote. Vivuli vitakuonyesha palipojaa na palipo tupu. Vikiwa sawa kila mahali, umepata jibu.

Kata kadi mbili za umbo la pembe, kila moja kama herufi L, uzikutanishe ziwe dirisha. Litembeze polepole juu ya mchoro hadi upate mahali ambapo huna hamu ya kulisogeza tena. Weka alama za chaki kwenye pembe nne. Ndani ya alama hizo usiguse kitu. Nje yake changanya rangi moja isiyopenya mwanga, iliyo karibu na ile iliyotawala ndani, uitandaze kwa kisu kipana ukifunika nusu ya vilivyomo, na uache matuta machache yachungulie pale kisu kinaporuka chenyewe.